Kula cha Kwetu Miezi Kumi na Miwili: Mbinu kwa Musoma, Bunda na Butiama

Kijiji kinaweza kuvuna vizuri na bado kikala cha watu wengine. Julai mtama umeingia ndani, muhogo umeanikwa juu ya majabali, choroko inapimwa kwa debe mlangoni. Magari ya wanunuzi yanafika wakati ada ya shule inadaiwa na mchango wa harusi unangojwa, na magunia yanaondoka. Ikifika Desemba, kaya ile ile iliyouza inakwenda dukani kununua sembe kilo kwa kilo, kwa bei iliyopangwa na mtu mwingine. Mavuno yalikuwepo. Hayakufika mwisho wa mwaka.

Kwa hiyo anayetaka sehemu kubwa zaidi ya chakula kinacholiwa Majita ya Musoma, Bunda na Butiama itoke kwenye udongo na maji ya hapa hapa asianze kwa kuhesabu ekari. Ahesabu miezi. Ni mwezi gani ugali wetu unakuwa wa kununua? Mwezi gani mboga inakuwa ya kusafirishwa? Kila mwezi wenye pengo una dawa moja kati ya tatu: zao linaloweza kungoja, akiba isiyoliwa na wadudu, au mnunuzi wa hapa hapa aliyetoa ahadi kabla ya mavuno. Mbinu zinazofuata zimepangwa kwa njia hiyo, na kikundi cha watu kumi kinaweza kuzianza bila kungoja mradi.

Anzeni sokoni na daftari

Chagueni soko moja mnalolitumia: Murangi, Mugango, Kibara, Nyamuswa, Kiabakari, au masoko ya mjini Musoma na Bunda. Kila muuzaji aulizwe swali moja tu: mzigo huu umetoka wapi? Jibu liingie kwenye safu moja kati ya nne, yaani kata yetu, wilaya yetu, wilaya nyingine za Mara, au nje ya mkoa. Hesabuni magunia, ndoo na viroba, wala si meza. Meza kumi za nyanya kutoka bustani za jirani zinaweza kuwa na uzito mdogo kuliko robo ya lori la mchele.

Mtu anayeingia sokoni ameshika daftari hudhaniwa mtoza ushuru, na majibu huwa ya kukwepa. Wapelekeni watu wanaofahamika. Wasalimie, wajieleze kwamba ni hesabu ya kikundi na si ya halmashauri, wanunue japo fungu moja, kisha waulize: “Shikamoo mama. Maharage haya ya wapi, yanaiva upesi?” Mwenye kujivunia bidhaa yake atataja mpaka kijiji.

Hesabu hiyo ifanyike mara nne kwa mwaka: Julai baada ya mavuno ya masika, Oktoba, Januari na Aprili. Wakati huo huo kila mwanakikundi achore nyumbani jedwali la miezi kumi na miwili lenye mistari minne, wa ugali, wa kitoweo, wa mboga na wa mafuta. Mwezi ambao chakula kilitoka shambani au kwa jirani uwekewe alama ya vema, na mwezi ambao kilinunuliwa kutoka mbali uwekewe duara. Leteni majedwali yote kwenye kikao kimoja. Miezi yenye maduara mengi ndiyo kazi yenu ya mwaka. Msijaribu kuiziba yote kwa pamoja. Chagueni miwili mibaya kuliko mingine.

Muhogo upandwe kwa mafungu

Muhogo ni ghala lisilohitaji paa. Ukikomaa hubaki ardhini kwa miezi ukimngoja mwenyewe. Ndiyo sababu serikali ya kikoloni ilizilazimisha kaya za Tanganyika kuulima kama zao la kinga ya njaa, na baada ya uhuru, kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ya katikati ya miaka ya 1970 ikasisitiza tena mazao ya namna hiyo. Lakini faida ya kungoja inapotea pale mkulima anapopanda shamba zima siku moja na kuling'oa lote siku moja kwa sababu mnunuzi amepita.

Gawa shamba mara tatu. Fungu la kwanza lipandwe vuli, la pili masika, la tatu vuli inayofuata. Kwa mpango huo kila msimu kuna muhogo unaochipua, unaokua na ulio tayari. Andika kwenye jedwali lako la miezi kila fungu litaliwa lini, na fungu la mwezi wa shida usiliuze likiwa bado shambani.

Upande wa mbegu ndio unaoangusha watu wengi. Batobato kali iliyoanza kutikisa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980 ilishuka kuzunguka ziwa, na michirizi ya kahawia ikaja kuongeza hasara. Magonjwa haya mawili huenezwa na inzi weupe, na huenezwa zaidi na sisi wenyewe tunapopeana vipando. Batobato huonekana mapema: majani hujikunja na kuwa na mabaka ya njano. Michirizi ya kahawia ni ya hila, kwa maana shina linaweza kuonekana zima na huku mizizi ina madoa makavu ya kahawia ndani. Kwa hiyo usichukue kipando kwenye shina ambalo hujachimba na kukata mizizi yake uone. Ikiwa na doa, shina lote lisiwe mbegu.

Ulizia mbegu zilizothibitishwa kupitia afisa ugani wa kata au kituo cha TARI Ukiriguru, Mwanza. Mkombozi ni mojawapo ya mbegu zinazofahamika Kanda ya Ziwa kwa kustahimili batobato. Kipando kiwe na urefu wa sentimita 25 hadi 30, na nafasi iwe mita moja kwa mita moja. Ekari moja itachukua vipando kama 4,000. Katika miezi mitatu ya kwanza pita shambani kila wiki na kung'oa kila mche wenye dalili. Ukiona huruma ukauacha, unaulisha inzi.

Unga wa muhogo usiharakishwe

Chakula cha nyumbani kikidhuru watu, watakikimbia, na watakuwa na haki. Mkoa wetu una mfano wake. Mwaka 1985, wakati wa ukame, katika vijiji vya Tarime walitokea watu waliopooza miguu ghafla. Ugonjwa huo unaitwa konzo, na ulemavu wake haurudi nyuma. Chanzo chake ni kula kwa muda muhogo mchungu ambao haukusindikwa vya kutosha, huku mlo ukiwa hauna protini ya maana. Njaa ikibana, watu hufupisha siku za kusindika, na sumu ya sianidi hubaki kwenye unga.

Anayetengeneza udaga aheshimu hatua zote. Menya, rundika kivulini, funika kwa majani siku tatu hadi nne mpaka muhogo ulainike. Kwangua ukungu wote. Ponda vipande viwe vidogo, kisha anika juu ya turubai au kichanja, si juu ya mchanga, mpaka kipande kikivunjwa kitoe mlio mkavu. Anayependa kuloweka aloweke siku tatu kamili majini kabla ya kuanika.

Unga ukiwa na shaka, kuna njia rahisi iliyofanyiwa utafiti na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia na kutumika katika nchi kadhaa za Afrika. Weka unga kwenye beseni, ongeza maji huku ukikoroga mpaka uwe umelowa. Utandaze kwenye ungo au turubai uwe na unene wa sentimita moja tu, uache saa mbili juani au saa tano kivulini. Sianidi huondoka hewani kama gesi. Songa ugali siku hiyo hiyo.

Tena ugali wa muhogo usiende mezani peke yake. Dagaa, maharage, kunde au choroko vina protini inayousaidia mwili kuondoa mabaki ya sumu hiyo. Bakuli la dagaa pembeni ya ugali wa udaga si anasa, ni sehemu ya mlo wenyewe.

Mtama urudi jikoni kwa njia ya mashine

Mtama na ulezi huvumilia ukame kuliko mahindi, na ardhi kubwa ya mwambao wa Majita na Bunda ina mchanga na mvua zisizotabirika. Hata hivyo watoto wengi wamezoea sembe nyeupe, na agizo la mwenyekiti wa kijiji haliwezi kubadilisha ulimi. Kinachofaa ni kuanza na unga mchanganyiko: sehemu mbili za muhogo na moja ya mtama, halafu ongeza mtama polepole kadiri nyumba inavyozoea. Zungumzeni na mwenye mashine ya kusaga atenge siku moja ya juma kwa mchanganyiko huo, ili mtu mwenye debe moja asiambiwe kwamba chujio limewekwa la mahindi. Kikundi kikimletea wateja wa uhakika siku hiyo, hatakataa.

Shambani maadui ni watatu. Wa kwanza ni kiduha, gugu lenye maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mtama na mahindi. Ling'oe kabla halijachanua, kwa sababu mche mmoja hutoa maelfu ya mbegu zinazoishi udongoni kwa miaka. Mbegu za mtama za Hakika na Wahi, zilizotolewa nchini mwaka 2002, huhimili kiduha. Wenye mahindi wanaweza kujaribu mbinu ya sukuma-vuta iliyotoka kituo cha icipe pale Mbita, ng'ambo ya mpaka: desmodiamu hupandwa katikati ya mistari na majani ya tembo pembezoni. Desmodiamu hukandamiza kiduha na kufukuza kipekecha shina, majani ya tembo yanawavuta wadudu nje, na vyote viwili ni malisho ya ng'ombe.

Wa pili ni kwelea kwelea. Majirani wakipanda wiki moja, ndege hugawana hasara juu ya mashamba mengi badala ya kumaliza shamba moja lililowahi. Ulinzi mkali uwe punje zinapokuwa na maziwa. Kundi kubwa likionekana, toeni taarifa kwa ofisi ya kilimo ya wilaya siku hiyo hiyo, kwa sababu unyunyiziaji wa anga ni kazi ya Serikali.

Wa tatu ni tembo, kwa vijiji vya Bunda vinavyopakana na Hifadhi ya Serengeti. Hapo mahindi na muhogo visiwe mstari wa mwisho kuelekea hifadhini. Pandeni pilipili au ufuta upande huo, na anayeweza atundike mizinga ya nyuki kwenye waya unaounganisha nguzo. Tembo hukwepa nyuki, na asali ni mavuno ya ziada.

Mbegu ya viazi ilale mchangani

Viazi lishe, vile vya rangi ya karoti ndani, vina kiini cha vitamini A na hukomaa kwa miezi minne hivi. Tatizo la Mara ni kiangazi. Kuanzia Juni mpaka mvua za vuli marando hukauka au huliwa na ng'ombe, na mvua ikinyesha mkulima anazunguka kutafuta mbegu, anaipata Novemba na kupanda kwa kuchelewa.

Kituo cha Kimataifa cha Viazi kilieneza dawa yake, nayo haihitaji umeme wala pampu. Wakati wa kuvuna, tenga viazi vidogo vyenye afya, visivyo na mikwaruzo wala matundu ya fukusi. Chukua beseni au ndoo kuukuu, weka mchanga mkavu uliopoa chini, panga viazi bila kugusana, funika kwa mchanga, panga tabaka la pili, funika tena. Beseni likae ndani ya nyumba penye ubaridi, mbali na panya na maji. Kila mwezi fukua kidogo, toa kilichooza, ondoa vichipukizi vilivyowahi.

Wiki sita hadi nane kabla ya mvua, yaani kuanzia mwishoni mwa Julai mpaka Agosti kwa wanaolima vuli, vihamishie kwenye kitalu kidogo karibu na maji ya kuogea au karo ya vyombo, uzungushie miiba, umwagilie. Viazi arobaini vinaweza kutoa vipando kama 1,500. Mvua ya kwanza ikigonga bati, wewe unakata marando wakati wengine wanauliza bei.

Mavuno yenyewe nayo yatunzwe. Michembe na matobolwa ya Kanda ya Ziwa ni teknolojia kamili. Viazi huchanjwa vibichi, au huchemshwa kwanza, kisha hukaushwa na kukaa miezi. Viazi lishe vikaushwe kivulini penye upepo, kwa kuwa jua kali hupunguza vitamini A.

Ziwa nalo ni shamba

Wilaya zote tatu zina chakula cha ziwani au zimekaribiana nacho, na hapo hasara kubwa iko kwenye kukausha. Dagaa wanaoanikwa mchangani hubeba kokoto, huuzwa bei ya chini, na wengi huishia kwenye vyakula vya kuku. Wakianikwa kwenye kichanja cha nyavu kilichoinuka usawa wa kiuno, hewa hupita juu na chini, mvua ya ghafla ikija hufunikwa haraka kwa turubai, na mama wa Kiabakari anayewanunua hatawasuuza mara tano. Kikundi kijenge vichanja kwenye mwalo mmoja kwanza, kwa miti na nyavu kuukuu.

Uvuvi wa dagaa hufuata giza, na mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi hulala. Anayetaka kuwalisha wanafunzi dagaa mwezi mzima lazima anunue akiba siku za giza. Hilo liandikwe kwenye mkataba wa mnunuzi na mvuvi, ama sivyo siku za mbalamwezi watoto watakula ugali kwa maji.

Kwa wenye mtaji, kuna ufugaji wa sato kwenye vizimba. Mwanzoni mwa 2024 Serikali ilizindua mjini Mwanza mpango wa kukopesha vizimba kwa wavuvi wa Ziwa Victoria. Kabla ya kukopa, hesabuni gharama ya chakula cha samaki, kwa maana ndiyo inayokula sehemu kubwa ya fedha, na mjue nani hapa atanunua sato kwa bei hiyo.

Mboga ni pengo rahisi kuliziba. Kisamvu, majani ya kunde, matembele, mgagani na mchicha havihitaji mbegu ya kununua kila msimu. Bustani za kando ya ziwa zinaweza kuzalisha kiangazi chote, lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Pimeni mita hizo kabla ya kulima, na mwenye kutaka kuvuta maji kwa pampu kwa kilimo cha biashara aombe kibali kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Uzio nao ni wa lazima. Kiboko mmoja humaliza kitalu kwa usiku mmoja. Mipango mikubwa ya umwagiliaji, kama ule wa bonde la Bugwema ulioasisiwa enzi za Mwalimu, ni jambo jema, ila jikoni hakuwezi kuisubiri.

Weka akiba kabla gari halijafika

Kwa wiki moja, pima kwa mizani unga wote unaosongwa nyumbani. Zidisha kwa idadi ya wiki zilizobaki mpaka mavuno yajayo. Ongeza moja ya kumi kwa ajili ya wageni na misiba. Hicho ndicho kiasi kisichouzwa, na kiandikwe ukutani ambapo mume, mke na watoto wakubwa wote wanakiona. Kinachozidi ndicho mali ya kumwonyesha mnunuzi.

Nafaka ya akiba ikaushwe sawasawa. Huna kipimo cha unyevu? Chukua chupa kavu, tia kiganja cha nafaka na kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa dakika chache, iache itulie. Chumvi ikishikamana na ukuta wa chupa, nafaka bado ni mbichi, irudishe juani. Nafaka iliyohifadhiwa na unyevu huota ukungu wenye sumukuvu, na mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara.

Baada ya hapo tumia mifuko isiyopitisha hewa, maarufu kama PICS. Ina mifuko miwili ya nailoni ndani ya kiroba kimoja. Jaza, toa hewa, kunja na funga kila mfuko peke yake kwa kamba, uweke juu ya mbao, mbali na ukuta, na usifungue kabla ya wiki tatu. Dumuzi, yule mdudu aliyeingia nchini kupitia Tabora miongo kadhaa iliyopita, hukosa hewa na kufa. Kumbuka kwamba dumuzi hula makopa kama anavyokula mahindi. Muhogo mkavu usiachwe darini kwenye kiroba cha kawaida.

Mpate mnunuzi wa hapa hapa kwanza

Akiba ya kaya inalinda kaya. Kinachobadilisha hesabu ya soko zima ni jiko kubwa, na hakuna jiko kubwa kuliko shule.

Chukulia shule ya wanafunzi 400, kila mmoja apate gramu 100 za unga kwa siku. Hiyo ni kilo 40 kwa siku. Kwa siku 194 za masomo katika mwaka, ni kilo 7,760, karibu magunia 78 ya kilo mia. Ekari moja ya mtama ikitoa magunia sita, shule moja inahitaji ekari 13. Kunde au choroko za gramu 30 kwa mtoto ni magunia 23 mengine. Namba hizi si za kutisha kata yoyote, na kila kamati ya shule inaweza kuzikokotoa kwa kalamu.

Musoma, Bunda na Butiama zina historia ya chakula cha shule. Kwa miaka mingi kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2010, shule nyingi za msingi hapa zilipata chakula kupitia mradi wa shirika la PCI uliofadhiliwa na Marekani, na sehemu ya chakula hicho ilivuka bahari kuja. Mwaka 2024, mchele wa msaada wenye virutubisho ulipopelekwa katika shule za Dodoma, Waziri wa Kilimo Hussein Bashe alisema hadharani kwamba fedha hizo zingenunua mchele na maharage ya wakulima wa Tanzania, na virutubisho viongezwe hapa hapa. Msaada huja na huisha kwa maamuzi ya mbali. Brazil walilikata shauri hilo kwa sheria: mwaka 2009 iliagizwa kwamba angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule zinunue kwa wakulima wadogo.

Sisi tuna Mwongozo wa Kitaifa wa huduma ya chakula na lishe kwa wanafunzi, uliotolewa 2021, unaowashirikisha wazazi na jamii. Mtego uko kwenye muda wa mchango. Kamati ikidai fedha Januari, mzazi atauza kwa hasara au hatalipa, na shule itanunua sembe kwa bei ya juu kabisa. Mkutano wa wazazi ufanyike Mei, kila mzazi akubali madebe mangapi ataleta, na mapokezi yawe Julai, kwa mizani, mbele ya mtendaji wa kijiji, kila mfuko ukiandikwa jina na tarehe. Mvuvi alete dagaa, mwenye ng'ombe alete maziwa au kuni. Shamba la shule, ambalo lilikuwa sehemu ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, libebe mboga na viazi lishe. Mzigo wa nafaka usiwaangukie watoto.

Baada ya shule, wafuateni wengine: Hospitali ya Rufaa ya Mwalimu Nyerere mjini Musoma, chuo kikuu cha kilimo cha Butiama, Chuo cha Ualimu Bunda, mama lishe wa stendi, na hoteli za watalii wanaoingilia lango la Ndabaka. Kila mmoja ana sharti lake. Taasisi itataka kikundi kilichosajiliwa, namba ya mlipakodi na risiti. Hoteli itataka kilo zile zile kila Jumanne bila kukosa. Mama lishe anataka mkopo wa siku tatu. Chagueni mnunuzi ambaye sharti lake mnaliweza leo, na msiahidi zaidi ya nusu ya mnachotarajia kuvuna. Mvua ya Mara haina mkataba na mtu.

Mtaji wa kuanzia upo kwenye mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ombi lenye hesabu ya soko na barua ya kamati ya shule lina uzito kuliko ombi la “kilimo na ufugaji”.

Mizani na barabara

Uzeni kwa kilo. Lumbesa ni kosa, na gunia halipaswi kuzidi kilo mia. Anayedai kilemba juu yake aripotiwe kwa Wakala wa Vipimo. Kuhusu ushuru, mwaka 2017 Serikali ilifuta tozo kwa mzigo wa mazao usiozidi tani moja unaovuka kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Anayepeleka magunia matano ya mtama kutoka Nyamuswa kwenda Musoma mjini aulize utaratibu ulivyo sasa katika ofisi ya mtendaji, apate jibu la maandishi, ndipo apakie.

Wala msitafute asilimia mia. Ndizi na mahindi ya Tarime ni ya mkoa wetu, kuyanunua si dhambi. Chumvi itaendelea kutoka mbali, na mchele wa sikukuu si adui. Gunia la kulipigania ni lile la unga, kunde au viazi ambalo lingeweza kulimwa katani na likaja kwa lori.

Mwaka wa kwanza uwe hivi

Mei, mkutano wa wazazi na ahadi za madebe. Juni, vichanja vya dagaa na ununuzi wa mifuko ya PICS. Julai, hesabu ya kwanza ya soko, mapokezi ya chakula cha shule, viazi vya mbegu vinaingia mchangani. Agosti, kitalu cha marando. Septemba, kukagua mashina ya muhogo na kuagiza vipando safi. Oktoba, hesabu ya pili na fungu la kwanza la muhogo. Januari na Aprili, hesabu mbili za mwisho.

Mwezi wa Mei unaofuata, wekeni mezani hesabu zote nne kwenye kikao cha maendeleo ya kata, mkionyesha ni magunia mangapi ya nje yamepungua, katika miezi ipi, na kwa zao lipi. Kama hayakupungua, daftari litaonyesha mlikwama kwenye mbegu, kwenye akiba au kwa mnunuzi, na hapo ndipo fedha na nguvu za mwaka wa pili zielekezwe.